Mshipa wa buluu, damu nyekundu

Mama mmoja wa Mkomani, Lamu, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaykum, daktari. Mwanangu wa kiume yuko gredi ya saba. Juzi amerudi akaniambia wamefundishwa kwamba damu inayorudi moyoni ni ya buluu, na hugeuka nyekundu pale tu inapokutana na hewa. Mjomba wake ni mvuvi, naye akamwambia ni kweli, kwani hata pweza damu yake ni buluu, na bahari nayo ni buluu kwa sababu iyo hiyo. Mimi nimeutazama mkono wangu kwa mato yangu: mishipa yangu ni ya kijani. Ya mamangu ni buluu kabisa, tena imetokeza juu. Ya mwanangu haionekani. Je, damu ina rangi ngapi? Na hiyo mishipa ya mama, niwe na wasiwasi?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kwanza nikusahihishe kidogo: mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Kazi yangu hapa Malindi, miaka nenda miaka rudi, ni kuwatoa watu damu na kuipima. Nimewatoa watoto wa siku mbili na wazee wasioweza tena kunyoosha mkono, wajawazito, wavuvi, weupe na weusi. Damu haijatoka ya buluu hata mara moja.

Na si kwamba iligeuka ilipoonja hewa. Hapa nataka kijana anisikilize vizuri. Damu ya vipimo vya kawaida hutolewa kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Ndiyo hiyo hiyo inayosemwa kuwa ni buluu. Sindano ninayotumia ina ncha mbili: moja inaingia mshipani, ya pili inatoboa kifuniko cha mpira cha kichupa. Kichupa hicho kimefyonzwa hewa tangu kiwandani, na ndiyo sababu damu hukimbilia ndani yenyewe bila mimi kuivuta. Safari nzima, kutoka mshipani hadi kichupani, damu haikutani na hewa ya nje. Kama ingekuwa buluu, ningeiona ikiingia buluu. Inaingia nyekundu iliyoiva, nyekundu ya zambarau iliyokolea, karibu na rangi ya juisi ya ukwaju iliyochanganywa na rozela. Nikikifungua kichupa baadaye na damu ikapata hewa, inang'aa zaidi, lakini ni kutoka nyekundu nzito kwenda nyekundu nyepesi.

Damu ya ateri, ile inayotoka moyoni, huchukuliwa mara chache, kwa kawaida kwenye kifundo cha mkono pale unapopima mapigo. Hiyo ni nyekundu angavu, na hupanda kwenye bomba kwa mapigo ya moyo. Ukiziweka mbili hizi kando kando, tofauti unaiona bila kuambiwa. Kinachozitofautisha ni oksijeni. Ndani ya chembe nyekundu mna himoglobini, na ndani ya himoglobini mna madini ya chuma ambayo oksijeni hujishika hapo. Oksijeni ikijishika, himoglobini hubadilika umbo kidogo na rangi yake huchangamka. Ikiachia, rangi hukolea. Tena damu ya vena si damu iliyokauka oksijeni. Kwa mtu mzima aliyetulia, bado ina takriban robo tatu ya ile iliyoondoka nayo moyoni.

Simlaumu mwalimu. Kitabu chochote cha sayansi utakachofungua kina mchoro wa mtu aliyejazwa mistari myekundu upande mmoja na ya buluu upande mwingine. Mchoraji alitaka tu tusizichanganye njia mbili, lakini rangi ya mchoro hukaa kichwani kuliko maneno yaliyo chini yake. Na fikra kwamba mtu ana damu mbili ni ya zamani sana. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu nzito hutengenezwa na ini na kuliwa na mwili, na damu angavu ina chanzo chake moyoni. Watu walimfuata kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Sham, yaani Siria, aliyefanya kazi Misri katika karne ya 13, ndiye aliyeandika kwamba damu ya upande wa kulia wa moyo lazima ipite mapafuni ndipo ifike upande wa kushoto. Kisha mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akachapisha hoja yake kwamba damu ni moja tu, inazunguka. Sehemu ya ushahidi wake ilikuwa mkono uliofungwa kitambaa, mishipa ikavimba, akaikanda kwa kidole kuonyesha damu inakwenda upande gani. Kila ninapofunga mpira kwenye mkono wa mgonjwa, nafanya nusu ya jaribio la Harvey.

Haya, damu ni nyekundu. Mbona basi mkono unasema buluu?

Nuru ya jua tunaiona nyeupe, lakini ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Ikianguka mkononi, nyingi haigongi ngozi ikarudi papo hapo. Huzama. Huko ndani inapotezwa njia na nyuzi za ngozi, kama mgeni aliyeingia vichochoro vya Lamu mara ya kwanza: anapinda kulia, anapinda kushoto, anagonga ukuta, mwisho anatokezea hatua chache kutoka pale alipoingilia. Tofauti na mgeni wa Lamu, si kila nuru inayoingia hutoka. Nyingine humezwa humo humo.

Nuru ya buluu haifiki mbali. Hutawanywa upesi, tena humezwa na melanini, ile rangi asilia ya ngozi, na damu ya vijishipa vidogo vya juu. Sehemu kubwa yake haivuki hata milimita moja. Nuru nyekundu ni msafiri: hupenya milimita kadhaa, na sehemu yake nzuri hurudi juu. Hili mnaweza kulishuhudia nyumbani. Usiku taa zikiwa zimezimwa, kijana awashe tochi ya simu na aizibe kwa vidole. Tochi ni nyeupe, lakini kinachotokea upande wa pili wa kidole ni wekundu mtupu. Rangi nyingine zimebaki nyamani.

Sasa weka vena ndani ya ngozi hiyo, tuseme milimita moja chini. Nuru ya buluu haijui kama vena ipo, maana haifiki pale. Hurudi ile ile kidogo, penye mshipa na pasipo mshipa. Nuru nyekundu inafika. Pasipo mshipa inakutana na nyuzi na mafuta, inazurura na kurudi. Penye mshipa inakutana na damu, na damu humeza sehemu yake. Hapa kijana atauliza: damu ikiwa nyekundu si inarudisha nuru nyekundu? Ndiyo, inairudisha kuliko inavyorudisha rangi nyingine. Lakini ukiilinganisha na mafuta na nyuzi za jirani, inameza zaidi. Na damu ya vena, kwa kuwa imepungukiwa na oksijeni, ni mlaji zaidi: himoglobini isiyo na oksijeni humeza nuru nyekundu karibu mara kumi ya ile yenye oksijeni.

Matokeo yake ni kwamba juu ya mshipa panarudi wekundu mchache kuliko pembeni, na buluu karibu sawa na ya pembeni. Hakuna buluu iliyoongezwa popote. Mwaka 1996 wanasayansi wa Ujerumani na Kanada, Alwin Kienle na wenzake, walilipima jambo hili kwa vyombo, na wakakuta kwamba hata juu ya mshipa unaoonekana buluu kabisa, nuru nyekundu inayorudi bado ni nyingi kuliko ya buluu. Mimi niliposoma hayo nilirudi kuutazama mkono wangu kama vile si wangu.

Kazi iliyobaki inafanywa na jicho na ubongo. Jicho halipimi rangi moja moja kama mashine. Linapima kwa kulinganisha na jirani. Kanzu nyeupe ukiivaa saa sita mchana ni nyeupe, na ukiingia nayo chumbani penye balbu ya manjano bado unaiona nyeupe, ingawa nuru inayotoka kwenye kitambaa sasa ni ya manjano. Ubongo umeshatoa hesabu ya taa. Edwin Land, yule aliyeunda kamera ya Polaroid, alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili. Ndivyo unavyofanya ubongo wako ukitazama mkono: umezungukwa na ngozi yenye wekundu na manjano, unakutana na mstari uliopungukiwa wekundu, unahukumu kwamba mstari ule ni wa buluu. Chukua kipande cha kitambaa cha kijivu ukiweke juu ya kanga ya rangi ya chungwa, uone kinavyoanza kuelekea ubuluu.

Akiyoshi Kitaoka, mwanasaikolojia wa Japani anayechunguza namna macho yanavyodanganyika, alionyesha kwamba mishipa ya buluu kwenye picha ya mkono, ukiipima rangi yake, ni ya kijivu. Jaribuni na ninyi. Piga picha ya mkono wa bibi mchana, kivulini, bila tochi. Ikuze mpaka mshipa ujaze kioo chote cha simu na ngozi ya pembeni isionekane. Buluu itafifia mbele ya macho yenu. Rudisha picha kama ilivyokuwa, nayo inarudi. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningependa kijana alipeleke shuleni, kwa sababu halihitaji mtu kumwamini mtu.

Kina nacho kina neno lake. Tazama weupe wa jicho lako kwenye kioo: vijishipa vile ni vyekundu, kwa kuwa viko juu kabisa, na nuru zote zinavifikia. Mshipa ukianza kuzama nusu milimita hivi na zaidi ndipo ubuluu unapoingia. Ukizama mno, hauonekani kabisa. Ateri nyingi zimelala chini kuliko vena, na kuta zake ni nene, kwa hiyo hatuzioni kwa rangi, tunazipata kwa mapigo.

Umeuliza kwa nini yako ni ya kijani. Melanini yako inameza buluu kwa wingi zaidi kuliko rangi nyingine. Ngozi ya namna hiyo hurudisha wekundu, manjano na kijani kiasi, na buluu kidogo sana. Mshipa ukishaondoa sehemu ya wekundu, kinachobaki kinaegemea kijani. Mamako huenda ngozi yake ni nyeupe kuliko yako, na kwa umri imekuwa nyembamba na mafuta ya chini yamepungua. Kijana ama ana rangi nzito kuliko ninyi, au ana mafuta ya ujana yanayofunika mishipa, au yote mawili. Damu zenu tatu nikiziweka kwenye vichupa vitatu, sitaweza kusema ipi ya nani.

Wahispania wa Castile zamani walikuwa na msemo wa damu ya buluu, wakimaanisha watu wa ukoo bora: wale ambao ngozi yao ilikuwa nyeupe kiasi cha kuonyesha mishipa, ushahidi, kwa madai yao, kwamba hawakuchanganyika na Waislamu wa Andalusia. Nalitaja kwa sababu hata kwetu pwani wapo wanaopima nasaba kwa weupe wa mkono, na jambo hilo linaniuma. Kilichopimwa pale ni kiasi cha melanini, si kingine.

Kwetu sisi wa maabara rangi ya mshipa haina thamani kubwa. Mwanafunzi akija kwangu anaanza kwa kutafuta mstari wa buluu, na akimpata mgonjwa mweusi au mnene anahangaika. Namwambia afumbe macho. Mshipa mzuri unaujua kwa kidole: unabonyea, unarudi, laini kama mpira uliojaa maji. Kano haibonyei. Ateri inadunda, na hiyo usiiguse. Mistari ya buluu inayovutia macho mara nyingi ni myembamba na ya juu juu. Ule wa kwenye kiwiko ninaoutegemea kila siku, kwa watu wengi hauonekani kabisa. Mwezi wa Ramadhani alasiri kazi huwa ngumu zaidi, maana mtu aliyefunga kwenye joto hili amepungukiwa maji na vena zake zimelegea. Siku hizi viko vifaa vya kumulika mishipa kwa nuru isiyoonekana, ile iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo damu huimeza na ngozi huiachia ipite. Ni vizuri sana kwa watoto, lakini kidole hakiishi betri.

Tukija kwa mjomba, la pweza amesema kweli, ila halituhusu. Pweza habebi oksijeni kwa chuma, anaibeba kwa shaba, kwenye kitu kinachoitwa hemosianini. Kaa na kamba vivyo hivyo. Na angalia jinsi ilivyo kinyume na alivyofundishwa kijana: damu ya pweza ni ya buluu pale inapokuwa na oksijeni, na ikiipoteza inakaribia kuwa haina rangi. Samaki wenye mifupa wako upande wetu. Mjomba mwenyewe akienda kuuza changu, mnunuzi hufunua matamvua kwanza kuona kama ni mekundu. Ile ni himoglobini. Samaki akilala, chuma chake kinabadilika na wekundu unageuka hudhurungi.

La bahari ni hadithi nyingine. Maji humeza nuru nyekundu kwanza na kuiacha buluu iende chini, na ngozi hufanya karibu kinyume: buluu inaishia juu, nyekundu inazama. Wazamiaji wa hapa Malindi, kwenye hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968, watakuambia kwamba ukijikata kidole chini sana damu yako unaiona kama nyeusi yenye ukijani. Imebaki nyekundu, ila nuru nyekundu ya kuionyesha haijafika huko.

Kuna ubuluu ambao si wa kuchezea, na huu ndio wa kukumbuka kuliko mishipa. Midomo, ulimi au ufizi ukigeuka wa buluu au wa kijivu, oksijeni kwenye damu imepungua mno, na mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwa ngozi zetu usitazame shavu, halitakuonyesha kitu. Mfunue mdomo kwa ndani, tazama ulimi na kucha. Na upo upungufu ambao hauonyeshi ubuluu hata kidogo: wa moshi wa jiko la makaa lililowekwa chumbani na madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu ya makaa huikalia himoglobini mahali pa oksijeni na kuiacha nyekundu angavu. Hata kile kifaa kinachobanwa kidoleni, ambacho husoma oksijeni kwa kulinganisha nuru nyekundu na ile ya ng'ambo yake, hudanganyika na kusema mambo ni mazuri. Mtu anayelalamika kichwa na kizunguzungu karibu na jiko atolewe nje kwanza, vipimo baadaye.

Mishipa ya mikono ya mama, kwa ulivyoieleza, ni ya umri na wembamba wa ngozi. Kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, hasa kwenye kigimbi, hilo ni jambo la daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani. Kama ni mishipa iliyojipinda miguuni na miguu inachoka jioni, aonwe kwa nafasi, na akikaa ainue miguu. Kwa mikono, mwambie ainyooshe chini kwanza, muione mishipa ikijaa. Kisha aiinue juu ya kichwa na ahesabu taratibu mpaka kumi. Damu itateremka moyoni kwa uzito wake, mishipa itabonyea, na buluu itapungua nayo. Kijana asimame karibu aone. Mishipa ikikataa kubonyea hata mikono ikiwa juu, basi mlete kliniki aonwe na daktari, na ukimleta huku Malindi, damu yake nitaitoa mwenyewe.